Mpika Pombe Katika Nchi ya Mvinyo

Binti yangu alinipokea uwanja wa ndege wa Australia kwa shikamoo na machozi, na kabla hatujalifikia gari akanipa sharti. "Mama, wakwe wakikuuliza kazi yako, sema wewe ni mkulima. Mambo ya pombe tuyaache kwetu Matongo."

Nilinyamaza kwa sababu ya uchovu, si kwamba nilikubali. Miaka ile watu walipomiminika kwetu kufuata dhahabu, wakalala kwenye vibanda vya maturubai na kuponda mawe kutwa nzima, mimi sikushika nyundo. Nilipika pombe ya ulezi. Wachimbaji walikunywa, binti akasoma, kuanzia sare ya kwanza mpaka chuo. Baba yake alikuwa ameshafariki, na hakuna mwingine aliyemsomesha. Sikumwibia mtu. Sasa nifiche nini? Nilitaka kitu kimoja tu katika safari ile: aseme kwa kinywa chake, mbele ya wale watu, kilichomlea.

Mumewe, kijana wa Kizungu, mpole, ndiye aliyeendesha. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawasogeleani, kwa hiyo nilijibanza kiti cha nyuma, khanga kichwani, na kila nilichotaka kumwambia nilimpitishia binti, hata kama ni kuomba dirisha lifunguliwe. Kijana akadhani namchukia. Alipoelezwa kwamba ile ndiyo heshima yenyewe, alicheka mpaka gari likayumba.

Nchi ile ni kubwa na haina watu. Udongo mwekundu, vichaka vifupi, halafu udongo mwekundu tena. Nilitafuta moshi wa jikoni, mtu na ng'ombe wake, hata bodaboda moja, sikuona. Tukapita mji uliokuwa wa dhahabu zamani: nyumba zimefungwa, shimo limezungushiwa uzio, na bango la kukaribisha watalii.

"Na hawa walichimba kwa mashine," nikasema kwa sauti. "Angalia walivyoondoka."

Binti hakutafsiri.

Baadaye vilima vikaanza kuwa vya kijani, na mizabibu ikajipanga mistari kama mahindi ya shamba la shule. Huko ndiko kwa wakwe. Baba mkwe wa binti, mzee mwenye mikono iliyopasuka kama yangu, alikuwa anatengeneza mvinyo. Hapo hasira zilinipanda kweli. Kumbe tumeoana na wapika pombe wenzetu, na bado mimi ndiye wa kufichwa!

Alitupeleka kwenye ghala la mapipa, ambako wageni walikuwa wanaonja. Mtu anavuta funda, anasukutua, kisha anatema kwenye ndoo. Nilishtuka. Kwetu pombe haitemwi ovyo. Mzazi au mzee huchukua funda akampulizia mtoto wake kifuani, kumbariki.

"Humo ndooni wanambariki nani?" nikauliza.

"Wanaonja tu, Mama. Na wewe tema, usije ukalewa."

"Sitemi."

Nikameza. Wakanimiminia mwingine, nikameza na huo.

Mzee akaniangalia, akauliza kitu. Binti alijibu haraka haraka, na neno la Kiingereza la mkulima nililisikia. Wafanyabiashara wa mpakani Sirari hulisema kila siku. Nikasimama.

"Wewe mtoto, mwambie ukweli. Mwambie mama yako anapika pombe, na hiyo pombe ndiyo iliyokukuza. Hutaki, mimi kesho narudi kwetu, na huku hutaniona tena."

Sikuwa natania, na alijua. Aliangalia sakafu, kisha akaanza kusema taratibu. Mzee akavuta kiti karibu yangu, macho yamemtoka.

"Anauliza unajuaje kama imeiva," binti akasema.

"Unasikiliza mtungi. Ikiiva inaongea yenyewe."

Akatafsiri, lakini hakuishia hapo. Aliendelea, mikono ikionyesha kuloweka ulezi, kuufunika uote, kuuanika juani, kufukuza kuku. Mimi nilikuwa nimesema maneno machache tu.

"Umemwambia nini chote hicho?"

"Nimemwambia kimea nilikuwa naanika mimi," akasema. "Nikitoka shule, hata sare sijavua. Nimemwambia kazi hiyo nilikuwa nakushinda."

"Muongo," nikasema, na machozi yalikuwa yananitoka.

Nikachukua bilauri, nikavuta funda, nikampulizia kifuani, juu ya blauzi yake nyeupe, mbele ya wakwe wote. Wageni wakaruka nyuma. Mumewe akaja mbio na kitambaa. Binti akamzuia kwa mkono, akanishika bega, akawageukia watu wale na kuwaeleza kwa sauti kubwa kilichomlea, blauzi ikichuruzika. Alisema yote kwa Kiingereza isipokuwa pombe. Hiyo aliitamka kama tunavyoitamka Matongo.