Upande wa Nyuma wa Barua ya Daktari

Mtu akiniambia nimenenepa, namjibu asante kwa mdomo na moyoni namtukana. Najua ni adabu yetu. Huku kwetu unene ni sifa, na anayekusifu hana nia mbaya. Lakini mimi nilimwona mama yangu akisifiwa hivyo na kijiji kizima, naye akifurahi, kumbe yalikuwa maji yanayomjaa mwilini kwa sababu figo zake zilikuwa zinakufa. Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira, na sitaki mtu anitulize.

Tulikuwa tunaishi katika kijiji cha ujamaa, kando ya barabara inayokwenda Nyakanazi. Mama alizaliwa Bukiriro, kwenye vilima na migomba, na huku tambarare aliletwa pamoja nasi sote kwa lori la serikali wakati wa kuhamia vijijini. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, nyumba yangu ya pili kutoka yake. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na nilijiona msomi. Mama hakujua kusoma, na Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na cha sokoni tu. Mengine yote aliyasema kwa Kihangaza.

Mwaka wa vita vya mpakani, mvua zikiwa zimekolea, mama alishikwa na kuhara na kutapika. Siku tatu hakuna kilichokaa tumboni, hata maji ya mchele. Siku ya nne nikagundua kwamba tangu jana yake hajaenda haja ndogo. Tukambeba kwa machela ya miti hadi barabarani, tukasimamisha lori la magunia ya unga, na dereva, Mungu ambariki popote alipo, akatufikisha hospitali ya misheni bila kutuuliza maswali.

Pale tulimkuta mwanamke mfupi mwenye sauti kali. Kwa cheo alikuwa mganga msaidizi, ila sisi tulimwita daktari, na kwa kazi aliyoifanya alistahili. Alimminya mama ngozi ya mkono, akaniambia, "Mwili umekauka. Figo zimesimama. Tutajitahidi kuziamsha." Akamtundikia maji, na kila asubuhi akawa anakuja mwenyewe kuinama chini ya kitanda kuangalia chupa ya kupimia mkojo. Siku nne ilikuwa tupu. Siku ya tano yalipatikana matone kidogo, meusi kama chai ya rangi. Kesho yake chupa ikafika nusu, na wanawake wa vitanda vya jirani wakapiga vigelegele. Sijawahi kuona tena watu wakiupigia mkojo vigelegele, na wala sikucheka.

Nilirudi nyumbani kuwaangalia wanangu. Nilipokwenda kumchukua mama, baada ya wiki mbili, wodi ilikuwa imebadilika. Askari majeruhi walikuwa wameletwa kutoka mpakani, wengine wamelala kwenye mikeka ukumbini, na daktari yule alikuwa anakimbia huku na huku, aproni ina damu. Alinipungia mkono kwa mbali. Muuguzi ndiye aliyenikabidhi karatasi moja iliyokunjwa.

"Usiipoteze hii," alisema.

Sikuipoteza. Natamani ningeipoteza, maana ningerudi kuomba nyingine.

Lazima nieleze barua ile ilikuwa na maana gani kwetu. Kijijini hukuweza kukosa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya lazima, bila barua ya hospitali. Siku za kazi ya shamba la kijiji, balozi wa nyumba kumi alipita mlango kwa mlango, na asiyefika alitajwa mkutanoni kwamba ni kupe anayenyonya jasho la wenzake, wakwe zake wakisikia. Mama alikuwa amekwisha kukosa siku nyingi. Kwa hiyo nilipoifungua ile karatasi juu ya lori, nilikuwa natafuta jambo moja tu, na nikaliona: mama huyu apumzishwe kazi zote nzito kwa miezi mitatu. Chini yake sahihi na muhuri. Niliisoma mara mbili, nikamtafsiria mama, tukashikana mikono kwa furaha.

Kwamba nyuma kulikuwa na maandishi, niliona. Wino ulikuwa umepenya. Lakini mwaka ule karatasi zilikuwa adimu kuliko sabuni. Watoto walifanyia mitihani nyuma ya fomu kuukuu za pamba, barua za posa ziliandikwa nyuma ya matangazo ya mikutano, na hata zahanati ilitumia vikaratasi ambavyo upande wa pili vilikuwa vimeshamhudumia mtu mwingine. Tulikuwa tumezoea kutoyaona maandishi ya nyuma. Yalikuwa mambo ya watu wengine, yaliyokwisha.

Siku ileile niliipeleka ofisini. Katibu wa kijiji aliipokea kwa mikono miwili, akasoma mbele, akaitoboa na kuiweka kwenye faili.

"Imepokelewa, ndugu," alisema. "Mwambie mama apumzike. Serikali haina ugomvi na mgonjwa."

Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba sina hata mtu mbaya wa kumchukia.

Basi mama akapumzika. Mwezi wa kwanza ulipita, wa pili ukafuata. Asubuhi uso ulikuwa umejaa, macho yamekuwa madogo, mashavu yanang'aa. Wanawake waliokuja kumwona walipiga makofi. "Hospitali imekukubali!" walisema. "Umerudi msichana!" Mama, ambaye maisha yake yote alikuwa mwembamba wa kuchekwa, aliona aibu kidogo na raha nyingi. Kandambili zikaanza kumbana. Akaniambia mkojo unatoa povu, nikamjibu kwamba labda chombo hakikusuuzwa vizuri. Hivyo ndivyo msomi wa darasa la saba alivyomjibu mama yake. Kichwa kilipomwuma alimeza vidonge vya dukani, akajifunga kitambaa, akaendelea kuchambua maharage.

Miezi mitatu ilipotimia, balozi alikuja asubuhi hiyohiyo. Upande wa mbele wa barua ofisi iliukumbuka barabara! Hawakukosea hata siku moja.

"Shikamoo mama," alisema balozi. "Naona sasa umenawiri. Katibu anasema ruhusa yako imekwisha."

"Marahaba, baba. Nitakuja," alijibu mama. Akachukua jembe. Nilimwambia angoje, nikaombe siku chache zaidi. Hakutaka kuitwa kupe, akiwa mnene hivyo. Alisema watu watacheka.

Alilima nusu tuta. Kisha akakaa chini, akatapika, akaanza kutetemeka mwili mzima bila kunitambua. Wenzake waliokuwa wanamtania unene walitupa majembe wakaja kumbeba, na walimbeba vizuri, siwezi kuwanyima hilo.

Hospitali daktari alikuwa yuleyule. Alimbonyeza mama mguu, kidole chake kikaacha shimo ambalo halikurudi. Akampima presha, akaupasha mkojo moto kwenye kijibomba cha kioo mpaka ukaganda mweupe kama ute wa yai lililochemshwa. Akanigeukia. Nilidhani atanionea huruma.

"Nilisema arudi baada ya mwezi mmoja," alisema. "Barua yangu iko wapi?"

"Iko ofisini kwa katibu."

"Inafanya nini huko?"

Nilimweleza habari ya msaragambo na ya ruhusa. Alinieleza, akijitahidi kushusha sauti, kwamba figo zikishasimama mara moja, hata zikiamka, zinaweza kubaki na jeraha linaloendelea kimyakimya. Mtu anatembea, anakula, anacheka, na ndani zinakwisha. Ndiyo maana ya kurudi kupimwa mapema. Hakuniahidi kwamba mama angepona. Alisema angeigundua presha mapema, angemkataza chumvi na vile vidonge vya kichwa, angemwongezea muda. "Ningekuwa na la kufanya," alisema. "Sasa sina."

Nilipanda lori la kwanza kurudi kijijini. Katibu alinisikiliza, akasikitika kwa dhati, kisha akaniambia kwamba karatasi ikishaingia kwenye faili ni waraka wa kijiji, haitoki mpaka kamati ikae. Kamati ingekaa Jumatano. Nilizunguka meza yake. Nilifungua faili mwenyewe, nikaing'oa, tundu likachanika. Hakunigusa. Nadhani aliogopa sura yangu.

Niliisoma nyuma nikiwa nimesimama mlangoni pake. Mwandiko ulikuwa wa haraka, lakini Kiswahili chake kilikuwa chepesi, mtoto wa darasa la tatu angeelewa. Arudi baada ya mwezi mmoja apimwe mkojo na presha, hata kama anajiona mzima. Asile chumvi nyingi. Asimeze dawa za maumivu bila kutuuliza. Akivimba uso au miguu, msingoje, mleteni siku hiyohiyo.

Nilipofika wodini mama alikuwa na fahamu zake. Aliniona nimeishika, akataka nimsomee. Nilifikiria kumdanganya. Kisha nikaona nimeshamnyima nusu ya barua yake mara moja, nikamtafsiria yote, neno kwa neno, kwa Kihangaza.

Aliichukua barua, akaigeuza mbele na nyuma.

"Mimi nilidhani walinitoa ili wawapishe askari," alisema. "Nimewasema vibaya miezi yote hii. Kumbe walikuwa wananingoja."

Alifariki siku ya sita. Tulimrudisha tukamzika, na watu walijaa, maana msibani kijiji chetu hakikuhitaji balozi wa kukiita. Siku ya tatu ya matanga katibu alikuja, akakaa na wanaume, akanywa uji. Wakati wa kuondoka alinisogelea, akainamisha kichwa, na kwa upole kabisa akaniuliza kama ile karatasi nimeshamaliza nayo, kwa sababu wakaguzi wa wilaya wanakuja na faili lina pengo.

Wanawake wote walikuwa wameketi hapo kwenye majani. Niliitoa barua kifuani, nikasimama, nikamsomea upande wa nyuma kwa sauti. Nilipofika kwenye kuvimba uso, mmoja wa waliompigia mama makofi alijifunika kanga usoni, kisha wa pili, na katibu akaniomba niache, inatosha.

Sikuacha. Nilisoma hadi mwisho, na nilipomaliza nikawaambia wote kitu ambacho hakikuandikwa pale: kwamba wa kwanza kabisa kumwambia mama amenenepa na amependeza, asubuhi ya kwanza uso ulipojaa, nilikuwa mimi.