Herufi za Kampala

Mama yangu alikufa akiwa amesahau Nyantende. Naanzia hapo, maana bila hilo mtu atafikiri hii ni habari ya kompyuta tu. Alizaliwa kule, akaolewa kule, akalima kule, na mwaka wake wa mwisho alikuwa anakaa mlangoni mwa nyumba yake mwenyewe akituuliza tutamrudisha kwao lini. Tukimwambia, "Maman, si hapa ndipo kwenu?" anatuangalia kama tunamdanganya. Ilianza kwa vitu vidogo: chumvi mara mbili kwenye maharagwe, jina la jirani. Kwa hiyo mimi, tangu nivuke miaka sitini, nikikosa miwani yangu tu naingiwa na baridi. Na binti yangu ananichunga. Hasemi, lakini nikiuliza kitu mara ya pili naona jicho lake linavyotulia juu yangu.

Kazi yangu ni kupiga mashini za kuandikia. Nilianza na zile za chuma, na leo nina kibanda cha secrétariat kwenye njia ya kupanda Kadutu: kazi za mwisho za wanafunzi, barua za kuomba kazi, na zaidi ya yote mialiko ya harusi. Mialiko yangu inajulikana, sijisifu. Naandika huku nikigombana na mteja, na sikosei.

Basi siku moja courant ya umeme ilikatika, ikarudi kwa hasira, na kompyuta yangu ya miaka mingi ikatoa moshi kidogo na harufu ya plastiki. Nilipiga yowe mpaka mama muuza mikate akaja mbio kuuliza nani amekufa.

Mwanangu anayeishi Kampala alinitumia nyingine kwa basi, ya mitumba, lakini safi. Akapiga simu.

"Maman, clavier yake ni ya Kiingereza. Herufi zingine ziko fasi ingine. Uangalie muzuri mbele ya kufinya."

"Mimi njo nilikufundisha kuandika," nikamjibu. Lakini maneno yake niliyashika: kwenye hiyo clavier niangalie kila herufi kabla ya kuifinya.

Fundi niliyempelekea zote mbili anafanya kazi nyuma ya soko, katika chumba kilichojaa mashini zilizofunguliwa tumbo. Ni mtu mzima, mnene, anayeongea polepole mpaka unatamani kumsaidia kumaliza. Aliitoa diski, akaijaribu, akasema iliyoungua ni mashini, diski yenyewe bado ni nzima. Akataka kunitolea kazi zangu tu na kuziweka kwenye kompyuta ya Kampala. Nikakataa. Programu yangu ya mialiko ilikuja zamani kwenye CD, na CD ilishapasuka. Maua yangu, mapambo yangu, namna zangu za herufi, vyote vinaishi ndani ya ile diski na havikai kwingine.

"Nataka nyumba ihame na vyombo vyake vyote," nikamwambia, "si nguo peke yake."

"Kuhamisha nyumba yote iko na mateso yake, Maman."

"Njo maana nimekuja kwako."

Akacheka, akaanza na jambo ambalo lilinifurahisha. Alikopi diski nzima jinsi ilivyo kwenye diski nyingine, kisha ile ya zamani akaifunga kwenye kitambaa. "Hii tunailalisha pembeni. Tunafanya na kopi. Kama kitu inaharibika, inaharibika kwa kopi." Kazi hiyo ilikula mchana wote. Nikarudi kesho yake pamoja na binti yangu, aliyesema eti hana kazi siku hiyo. Uongo mtupu! Alikuja kunichunga.

Fundi akaingiza ile kopi ndani ya kompyuta ya Kampala, akawasha. Skrini ikawa ya bluu yote, ikajizima, ikawaka, ikawa bluu tena.

"Usiogope, Maman. Diski bado inafikiri iko kwa mashini ya zamani."

Akaingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa, akabadilisha namna mashini inavyoongea na diski, akairudisha kwenye namna ya zamani. Akawasha. Tukangoja. Na kweli, hiyo hapo: picha yangu ya ziwa, jina la kibanda changu, na chini yake kile kisanduku cheupe kinachodai neno la siri.

"Weka mot de passe, Maman."

Neno langu sijapata kumwambia mtu wala kuliandika popote. Leo nalitaja kwa sababu nimeshalibadilisha: lilikuwa nyantende, herufi ndogo zote. Nilivaa miwani. Nikakumbuka mwanangu alivyoniambia, nikatafuta kila herufi kwa macho, nikafinya moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza. Ikakataa. Nikarudia, polepole zaidi. Ikakataa. Halafu chini ya kisanduku likatokea neno la kunikumbusha, nililoliweka mwenyewe miaka hiyo: *Kwetu*.

Jamani. Kwetu ni Nyantende. Au kuna kwetu kwingine? Nilipoolewa tulikaa kwanza Luvungi. Nikajaribu Luvungi. Ikakataa. Nikajaribu Nyantende kwa herufi kubwa mwanzoni. Ikakataa. Fundi akasema pengine vidole vyangu vinateleza, niinuke yeye afinye, mimi nimtajie. Nikainama, nikamnong'oneza herufi moja moja sikioni, akafinya. Nukta nyeusi tisa zikajipanga, na ikakataa.

"Maman," binti yangu akasema, "haina shida. Tupumzike kwanza."

Ile sauti! Ni ile ile tuliyokuwa tukiitumia kwa mama yangu pale mlangoni.

Fundi akakohoa. "Mi naweza kuiondoa hiyo mot de passe. Haina kazi mingi. Vitu vyako vyote vitabakia."

"Hapana."

"Lakini, Maman..."

"Nimesema hapana! Hakuna mutu anagusa!"

Alifikiri nina kichaa, na labda ni kweli. Lakini akiliondoa, mimi nitapata mialiko yangu yote na sitajua kamwe kama kweli nimesahau kwetu. Nitarudi nyumbani na diski nzima na kichwa kilichotoboka. Niliogopa. Naandika wazi: niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na nimeona siku nyingi katika mji huu.

Nikaketi tena mbele ya mashini, mikono juu ya herufi, bila kujua niandike nini.

"Kila mutu anasahaulaka mot de passe," binti yangu akasema. "Hata mimi."

"Wewe unasahau ya simu. Mimi nisahau kwetu?"

"Maman, juzi uliacha sufuria kwa moto."

Haya. Limetoka.

"Na Siku ya Mungu, tukitoka misa, uliniuliza mara mbili kama nimekula."

Nikamgeukia mwili mzima. "Ah bon! Kumbe uko unahesabu! Nikikohoa unahesabu, nikiuliza unahesabu! Ile sufuria, nani aliniita inje niende kupokea wageni wake? Aka! Mutoto niliyebeba mugongoni, leo njo daktari wangu?" Na mengine ambayo sitayaandika. Nilikuwa nimewaka. Na mikono yangu, wakati kinywa kinafanya kazi yake, nayo ikafanya yake, kama inavyofanya siku zote nikigombana na watu.

"Eh," fundi akasema. Kisha, "Maman. Angalia."

Nikageuka. Mashini ilikuwa imefunguka. Mialiko, barua, kazi za wanafunzi, kila kitu mahali pake.

"Umefanya nini?" nikamuuliza.

"Mimi? Sijagusa. Ni wewe."

Akainama, akatazama clavier muda mrefu, akajipiga kipaji cha uso. Akatueleza. Ile diski imetoka kwenye mashini ya Kifaransa, na imehama na akili yake ya Kifaransa. Inajua A iko juu, kwenye kona ya kushoto. Kwenye clavier ya Kampala, mahali hapo pameandikwa Q, na A imeshuka mstari mmoja. Kila tulipofinya A kwa uangalifu, mashini ilipokea Q, na zile nukta nyeusi zilificha kosa. Nilipoacha kuangalia, kidole kilikwenda pale A ilipokaa maisha yangu yote.

"Kwa hiyo ni A tu?"

"Ni A tu, Maman."

Alitaka kunifungulia kazi zangu nihakikishe hakuna iliyopotea. Nikamwambia azime.

"Lakini imeshafunguka..."

"Zima. Uwashe tena."

Akazima, akawasha. Nikaweka mikono, nikamtazama binti yangu usoni, nikaandika. Ikafunguka. "Tena," nikasema. Fundi akavuta pumzi, akazima. Nikaandika tena, ikafunguka tena, na mimi nikaanza kucheka peke yangu kama mlevi. Binti yangu naye alicheka kidogo, halafu nikaona si kicheko. Alikuwa analia, na fundi akajifanya anatafuta bisibisi chini ya meza.

"Sasa unalia nini? Si nimeikumbuka?"

"Niliogopa," akasema. "Niliogopa siku moja utaniuliza mimi ni nani."

Nilitaka kumwambia siku hiyo haitafika. Sikumwambia, maana mimi si Mungu, na mama yangu naye hakujua. Nikamwita jina lake la ubatizo. Kisha lile la Mashi, lugha ya kwetu, alilopewa siku aliyozaliwa. Kisha lile la utani la utotoni, ambalo tangu aolewe amenikataza kulitaja mbele ya watu. Aliitika yote matatu.