Mjukuu Wangu Alikuwa kwa Intavyu, Mimi Nikawasha TV

Nilikosa mimi. Si stima ilipotea, si mvua, si kampuni ya intaneti. Hayo yote niliyasema na yote yalikuwa uongo. Nimechoka kuyabeba, ndiyo nawaandikia.

Mimi ni mama mzee wa huku Mweiga. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo mnivumilie kalamu. Naishi na mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu. Nitamwita Wangari, ingawa si jina lake. Alisomea uuguzi akamaliza, na huu ni mwaka wa pili cheti kinalala kwa kabati huku yeye akichagua viazi kwa mashamba ya watu. Jioni akirudi ananikanda miguu na maji moto. Kucha zake bado ziko na udongo, lakini anaanza na miguu yangu.

Mwanangu aliye Nairobi alituletea TV kubwa ya ukutani, na akaweka intaneti ya kisahani juu ya mabati. Akasema, "Intaneti ni ya Wangari atafute kazi. TV ni yako, Mama." Mimi nikasikia hilo la pili peke yake.

Basi Wangari akaitwa intavyu. Kazi ya kutunza wazee ng'ambo! Wangemhoji kwa video, Alhamisi saa nne asubuhi, kwa kompyuta aliyoazima kwa mwalimu jirani. Jumatano aliniambia mara mbili.

"Shosho, kesho saa nne mpaka saa tano usiwashe TV. Tafadhali. Laini yetu ni ndogo."

"Nimesikia. Kwani mimi ni mtoto?"

Sasa, Alhamisi hiyo ilikuwa zamu yangu kukaribisha kikundi chetu cha akina mama. Nilikuwa nimewaambia saa sita. Wakafika saa nne na dakika chache, wote! Si njaa iliwaleta mapema, ni TV. Mama Ndirangu, ambaye mdomo wake hauna mlango, hata hakuwa ameketi.

"Kumbe ndiyo hii? Mbona iko giza? Ama ni ya kupanguswa vumbi tu?"

"Mwache," mwingine akasema, "labda inangoja mwenyewe atoke Nairobi aiwashe."

Wakacheka. Woi, kiburi! Nikajiambia, Wangari yuko chumbani, amefunga mlango, mimi niko sebuleni. Nitamsumbua aje? Nikawasha, nikaweka sauti chini, nikatafuta kwaya kwa intaneti.

Picha ikaja na ukungu, nyuso za watu kama zimepakwa uji. Mama Ndirangu akasema, "Ai, hata kasimu kangu kanashinda hii."

Nikachukua rimoti nikabonyeza pale mwanangu alinionyesha, HD ya juu kabisa. Haiya! Ungeweza kuhesabu shanga kwa shingo za waimbaji. Wakapiga makofi. Nilikaa hapo kama bibi harusi.

Halafu nikasikia kwa mlango wa Wangari. "Hallo? Mnanisikia?"

Niliisikia vizuri. Hilo ndilo ungamo langu. Niliisikia, na rimoti ilikuwa mkononi, na nikasema moyoni, acha wimbo uishe kwanza. Alisema "mnanisikia" mara nne. Nilihesabu.

Komeo lilipogonga nilizima haraka. Akatoka na visikizi bado viko masikioni, macho yamejaa.

"Shosho, imekatika. Nilikuwa nawaona wamesimama kama picha, halafu wakapotea."

"Hawa watu wa intaneti ni wezi!" nikasema. "Na stima imeyumba asubuhi yote."

Akina mama wakaangalia sakafu. Hata Mama Ndirangu. Wangari akafuta uso na leso, akaingia jikoni, akawapikia chai.

Aliwaandikia kuomba nafasi nyingine. Walijibu kwamba wamechukua mtu mwingine.

Ili uongo wangu usimame, nikamwita fundi wa kampuni nimkaripie. Wangari alikuwa shambani. Fundi akapanda juu, akashuka, akaangalia ukutani.

"Shosho, kisahani kiko sawa. Hii nyumba inalipia laini ya MB tano. Hiyo TV kwa HD ya juu inakunywa karibu zote, na mwenye kupiga video anabaki na matone. Mpunguze picha, ama mchukue laini kubwa."

Matone! Nikakaa chini. Miaka mingi nimekuwa kwa kamati ya mradi wa maji. Bomba ni moja kutoka msituni, kila boma na siku yake. Wa juu akifungulia viazi maji siku si yake, kwa wa chini bomba linakohoa hewa. Nimewahi kumfungia mjane maji mwezi mzima kwa kosa hilo. Alilia, nikamwambia machozi hayajazi tangi. Mimi! Na nikaja kumkausha mtoto wangu ndani ya nyumba yangu.

Tangu siku hiyo sijaiwasha hiyo TV. Wangari anauliza, "Shosho, mbona hutazami?" Namwambia ni macho. Uongo mwingine. Na miguu bado ananikanda.

Wazee wenzangu wenye TV kubwa, ulizeni laini ya nyumba inabeba nini. Kama ni ndogo, shusheni picha, mpeane zamu kama maji. Ukiambiwa zima, zima! Wimbo utaurudia kesho. Na ukikosa, sema siku hiyo hiyo, kwa sababu uongo ukilala ndani ya nyumba unaamka na watoto.

Haya nimeyaandika kwa daftari, na mimi sijui kutuma kitu kwa simu. Leo jioni, kabla hajashika beseni la miguu yangu, nitampa Wangari kurasa hizi azipige picha na kuwatumia. Kwa hivyo mkizisoma, jueni yeye alizisoma kwanza.