Mshenga Anaeleza Nyutroni

Kwetu mwanamume haendi kujisemea ukweni. Anakaa kwenye kiti, anatazama vidole vya miguu yake, na mshenga ndiye anayesema. Utaratibu huo haukuwahi kunikera mpaka nilipokwenda Pito kuomba mke, kwa sababu mshenga wangu alikuwa baba mdogo, muuza maharage wa Malangali, na ndiye aliyetakiwa kueleza kazi yangu.

Kazi yenyewe ni hii. Ndani ya madini fulani adimu, kila atomi ni sumaku ndogo mno. Mimi na wenzangu huko ughaibuni tunachukua kipande cha madini hayo, tunakipoza kwa baridi isiyo na mfano, kisha tunakipiga kwa nyutroni, chembe zinazotoka kwenye kinu cha nyuklia. Nyutroni nayo ina usumaku wake, kwa hiyo ikipita humo inapindishwa njia. Tukiona zimetawanyikia wapi, tunajua zile sumaku za ndani zimeelekea upande gani. Basi. Nilimweleza baba mdogo njia nzima, naye akawa ananijibu, "Nimeelewa, mwanangu, acha kunichosha."

Sebuleni tuliwakuta baba wa binti, mkulima wa mahindi na ulezi mwenye sauti ya chini, mama yake, na baba yake mkubwa. Tukatoa shikamoo, tukapewa togwa, mambo yakaenda vizuri hadi baba wa binti alipouliza kijana anajishughulisha na nini.

"Kijana wetu," alisema baba mdogo kwa majivuno, "anashughulika na sumaku."

Baba mkubwa akaweka kikombe chini.

Hapo nikatamani ardhi ipasuke. Binti alishanisimulia: baba yake mkubwa aliwahi kuuza ng'ombe wake wa kulimia akanunua rupia ya Mjerumani, ile inayosemwa ina sumaku ya kuvuta mchele na kwamba Wazungu wanaililia. Wauzaji walipokuwepo ilivuta. Walipoondoka haikuvuta hata punje, na wao hawakuonekana tena.

"Sumaku gani?" akauliza baba wa binti.

"Ndogo mno, mzee. Hazionekani kwa macho."

"Sasa anazitazamaje?"

"Anazirushia nyutroni."

"Hizo zinaonekana?"

"Nazo hazionekani."

"Na mshahara?"

Baba mdogo, badala ya kunyamaza, akaongeza kwamba Wazungu wanayalilia sana madini hayo. Nampenda baba mdogo, lakini dakika ile ningeweza kumnyonga. Yule msichana nilimpenda kuliko kitu chochote, na nilikuwa nampoteza huku nikitazama, kwa maelezo ambayo, kwa bahati mbaya, yalikuwa sahihi kabisa.

Nikavunja mila, nikafungua mdomo. Nikasema wazee wanisamehe, sumaku haivuti mchele, si yangu wala ya mtu yeyote, na ninayo moja hapa. Nikachomoa kwenye funguo zangu kipande kidogo cha sumaku kilichotengenezwa kwa madini ya jamii ileile. Mama mtu, bila kuambiwa, akaleta sahani ya mchele wa Muze.

Nimefanya majaribio mengi nikimwomba Mungu yafanikiwe. Hili niliomba lishindwe. Nikaizamisha sumaku mcheleni huku nikiogopa hata kichembe cha chuma kilichotoka kwenye mashine ya kukoboa, kisha nikaiinua. Tupu.

"Haivuti," alisema mama mtu, na uso wake ukalainika kidogo. "Tapeli angekuja na inayovuta."

Baba wa binti alimgeukia kaka yake, maana aliyeumizwa ndiye mwenye neno. Mzee akanyoosha mkono, akaichukua sumaku, akaizamisha mwenyewe. Akaiinua, akaitazama. Akarudia. Akaipangusa kwa shati, akarudia tena, taratibu, na hakuna aliyecheka. Nilimwonea huruma mpaka nikasahau kujionea mwenyewe.

"Haivuti kweli," akasema hatimaye.

Kisha akasogeza kiti chake karibu na changu, akaniinamia sikioni.

"Mkwe," alinong'ona, "huko kwenu, ulezi mmeshajaribu?"