Saruji ya Goti la Milimita

Naweka dau mashine yangu ya kukatia taili kwamba hutaniamini: shemeji yangu aliwekewa goti jipya hospitali, nami nikaliharibu bila hata kuligusa.

Shemeji huyu ni mume wa dada yangu. Tunamwita Milimita. Miaka thelathini na moja amepiga taili akiwa magotini, na mianya kati ya taili zake yote inalingana. Fundi wa pili kwa ubora mjini. Wa kwanza ndiye anakusimulia. Mwishowe goti la kulia likaisha, akitembea linalia kama bawaba kavu. Wakalitoa, wakaweka la chuma na plastiki.

Siku ya kuruhusiwa, muuguzi, mama mmoja asiyejua kucheka, akampa pakiti mbili za vidonge.

"Hivi vyeupe vinashusha uvimbe. Asubuhi na jioni, ukishakula, uumwe usiumwe. Vya njano ni vikali, ukoo mmoja na mofini. Meza maumivu yakikushinda tu. Ukifuata saa za vyeupe, vya njano hutavihitaji sana. Na goti ukunje kila siku. Wiki ya sita nataka pembe mraba, nyuzi tisini. Likigoma, kazi yako ya kupiga magoti usahau, na ngazi utazipanda kwa shida."

Milimita akauliza swali moja tu. "Limeshikwa na nini?"

"Saruji maalumu."

Hapo sasa nikaona tumefika kwenye fani yangu.

Nyumbani nikamwambia, "Shemeji, taili mpya inakanyagwa?"

"Haikanyagwi."

"Basi usikunje kitu. Na huo uvimbe ndio unabana mpaka saruji ishike. Ukiushusha, goti linaachia."

Dada akasema, "Lakini muuguzi kasema..."

"Muuguzi kapiga taili ngapi?"

Milimita akacheka, akatupa vyeupe kwenye droo ya misumari.

Goti likavimba kama tikiti. Maumivu yakapanda, akashika vya njano. Kimoja, halafu viwili, halafu hata kabla maumivu hayajarudi. Mchana kutwa analala mdomo wazi, mate yanamtoka, choo siku ya tano hajakiona. Nami nimekaa pembeni na pakiti mkononi.

"Shemeji, nipe kimoja."

"Imba kwanza."

Akaimba. Mtu mwenye wajukuu wawili! Nikampigia makofi. Dada alikuwa mlangoni, ananitazama kama ananipimia jeneza.

Wiki ya sita muuguzi akaweka kipimo cha pembe kwenye goti. "Kunja."

Milimita akakunja, jasho likamtiririka. Akakisoma kipimo mwenyewe. "Arobaini na tano," akasema kwa sauti ndogo. "Nusu ya mraba."

"Vile vyeupe viko wapi?"

Dada akatoa pakiti kwenye mkoba. Haijafunguliwa. Milimita akaeleza habari ya uvimbe na saruji, kwa ufasaha kabisa, mpaka nikajisikia fahari.

"Baba," akasema muuguzi, "saruji ile ilikauka kabla hatujamaliza kukushona. Nani kakudanganya?"

Milimita hakunitaja. Dada ndiye aliyeninyooshea kidole. Mimi nikatazama dari, nikaona imepakwa rangi vibaya.

Daktari alimlaza kwa dawa ya usingizi akalikunja kwa nguvu. Likafika nyuzi sabini, likagoma. Safari hii dada alishika vyeupe mwenyewe, kwa saa, na chakula. Ndani ya wiki tatu vya njano vikapunguzwa mpaka vikaisha. Lakini goti ndiyo hivyo, halikuongeza hata nyuzi moja.

Siku hizi Milimita anakaa kwenye ndoo pale kazini, mguu mbele, mafundi wanauruka. Mimi niko chini napiga magoti, yeye anaangalia mianya yangu.

"Imezidi milimita moja, shemeji. Ng'oa."

Nang'oa.

"Imba kwanza, ndipo uweke nyingine."

Mafundi wote wanasimama kusikiliza. Naimba.

Dada hanifungulii mlango tangu siku ile. Sawa. Kwenye taili bado sina mpinzani. Ila kuhusu uvimbe nilikosea: haushiki goti.