Matanga ya Kuficha Gari

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na mapenzi ya Mikidadi seremala kwa gari lake yalisikika Morogoro nzima, toka stesheni ya reli mpaka njia ya Msamvu. Halikuwa motokaa. Lilikuwa gari la kukokotwa na mnyama, la watu wawili tu, lenye paa, milango na vioo pembeni, na kiti cha mwendeshaji kule mbele. Mgiriki mmoja aliyefuata kazi ya reli ndiye aliyelileta kutoka pwani, na hata siku ile lilikuwa limekwisha zeeka. Farasi wake waliumwa na mbung'o wakafa, na reli iliposonga kwenda Tabora, Mgiriki naye akasonga nayo. Gari likabaki nyuma ya duka la Mhindi, kuku wakitagia juu ya kiti.

Mikidadi alilipita kila siku, macho yamemtoka. Mwishowe akapatana na mwenye duka: akamchongea milango, rafu na kitanda cha mninga, akapewa gari. Watu walimcheka waziwazi. Mtu mzima, fundi anayejulikana, anatoa jasho lake lote kununua banda la kuku! Yeye akalisukuma mpaka kwake Mafiga, anatabasamu peke yake njia nzima.

Ndipo kazi ilipoanza. Magurudumu aliyachonga upya, akabakisha chuma cha nje tu. Paa alilitia viraka vya ngozi ya mbuzi, vikashonwa vizuri hata ukipitisha kidole huvihisi. Ekseli alizipaka mafuta ya nyonyo. Kioo kimoja kilikuwa na ufa, na kwa kuwa Morogoro hapakuwa na kingine cha kutosha mahali pake, alikiacha hivyo hivyo, na ole wake aliyeukaribia ufa ule kwa kidole. Punda akapatikana. Tangu hapo bibi arusi mwenye bahati alipelekwa kwa mumewe ndani ya gari la Mikidadi, naye hakudai kitu. Alichotaka ni watu watoke milangoni waone. Mkewe, Mwajuma, aliliita gari "mke mwenzangu", na wala hakuwa anatania sana.

"Mke mwenzangu kapakwa mafuta leo," alikuwa akisema asubuhi. "Mimi mwenye miguu yangu miwili sina wa kunipaka."

Kisha vikaja vita vya Wajerumani na Waingereza. Mwaka wa kwanza jeshi la Wajerumani likamchukua punda. Mwaka wa pili likamchukua Stambuli.

Stambuli alikuwa mwana wa Asia, dada yake Mikidadi, na kwa Waluguru mtoto wa dada si mtoto wa pembeni. Ndiye mrithi. Jina la mjomba, shamba la mjomba, mali ya mjomba, vyote humshukia yeye. Asia alikuwa mjane na hakuwa na mwana mwingine. Walimkamata kijana Mikese, wakamtwisha mzigo wa risasi, wakaenda naye upande wa Handeni. Tangu hapo hakuna aliyeleta habari zake.

Basi siku moja mpiga mbiu akapita mitaani. Waingereza walikuwa wanashuka, na Wajerumani walikuwa wanafunga mizigo wapite nyuma ya milima ya Uluguru. Amri ya boma ilikuwa hii: kila chenye gurudumu kipelekwe stesheni. Kinachofaa kitabeba mizigo, kisichofaa kitachomwa moto, adui asikikute. Mikidadi aliisikiliza mbiu randa ikiwa mkononi. Gari la watu wawili, lisilo na punda, litabeba nini? Hakuhitaji kuambiwa upande litakakowekwa.

Alilisukuma ndani ya banda lake la kazi, lile lililoshikana na nyumba, akafunga milango miwili mipana, akakaa juu ya magogo akifikiri. Nje askari walikuwa wamekwisha anza nyumba kwa nyumba. Alisikia toroli la jirani likiburutwa, na jirani akilalamika, kisha kofi. Alipoinuka alikuwa na shauri, na lilikuwa shauri baya. Akamwita dada yake.

"Asia, tuweke matanga."

"Kafa nani?"

"Hajafa mtu. Askari anachukua kuku, anachukua mbuzi, anachukua hata kitanda. Lakini mahali walipokaa wanawake wa msiba haingii. Tutandike mikeka humu bandani, gari tulifunike kwa kanga na majamvi, nyinyi mkae mbele yake mlie. Wakipita, basi."

"Nakuuliza, tunamlia nani?"

Mikidadi akatazama chini. Msiba wa aliyefia nyumbani unataka maiti na kaburi, na askari wangeuliza vyote viwili. Msiba wa aliye mbali hautaki kitu ila machozi.

"Stambuli," akasema.

Asia alisogea nyuma kama aliyepigwa. "Kaka! Mtu hai haliliwi. Huo ni uchuro."

"Ni kwa saa chache tu. Akirudi tutamhadithia, atacheka mpaka alale chini. Na gari si lake? Tunamlindia mali yake."

Asia angeweza kukataa, lakini katika ukoo ule Mikidadi ndiye aliyekuwa na kauli. "Wewe ndiye mkubwa wetu," akasema, akafunga kanga kiunoni.

Wakafanya haraka. Mwajuma akaleta kanga zake zote, pamoja na zile za sandukuni. Majirani wawili wanawake wakapewa siri, wakaja kukaa. Gari likafunikwa hata likawa lundo tu ukutani, na wanawake wakaliegemea. Mikidadi akakaa kizingitini, kofia mkononi, uso wa msiba. Haukumpa taabu kuuvaa, maana hofu na huzuni hufanana ukizitazama kwa nje.

Askari wa kwanza alipotokea uani, Asia alianza kulia. Alilia kwa kumtaja mwanawe jina, na kilio kilikuwa kizuri kupita kiasi, Mikidadi nywele zikamsimama. Askari, Mmanyema mmoja mzee mzee, alisimama, akavua tarbushi yake.

"Poleni sana," akasema. "Nani?"

"Mpwa wangu. Alikuwa mpagazi."

"Mungu amrehemu. Vita hivi vitatumaliza." Akageuka aende zake.

Laiti angekwenda peke yake. Nyuma yake alikuwa anakuja askari mwingine, bunduki begani, miguu imefungwa vitambaa kwa vidonda vya safari, na Mikidadi alipomtambua aliona dunia inamzunguka. Alikuwa Mihambo, Mnyamwezi.

Hilo ndilo alilolisahau fundi wetu, kwa akili zake zote. Wanyamwezi na watu wa Morogoro ni watani tangu siku za misafara, na msiba humzuia kila mtu ila mtani. Mtani haombi ruhusa. Ataingia mpaka walipo wanawake, atamwigiza marehemu, ataficha sufuria mpaka akombolewe kwa kitu, atafunua anachotaka kufunua, na mfiwa akikasirika ni yeye mwenye aibu. Tena Mihambo hakuwa mtani wa kusikia. Kabla ya vita aliishi mtaa uleule, na mkewe alipelekwa kwake ndani ya gari lile lile. Alilijua mpaka ufa wa kioo. Mikidadi alikuwa amefunga mlango kwa kila askari wa Mjerumani, kisha akamwachia wazi huyu mmoja anayelijua gari.

"Mtani," Mikidadi akaanza, akijitia kuchangamka, "Mnyamwezi bila mzigo kichwani, leo mvua itanyesha."

Mihambo alisikiliza kilio cha ndani, akaegemeza bunduki ukutani, akampita Mikidadi mlangoni bila hata kumgusa bega. Mikidadi akamfuata. Alingoja kelele. Alingoja Mihambo ajitupe chini, aimbe, awatukane Waluguru kwa kula maharage mpaka kufa, avute kanga ile ya juu kwa mzaha, na lundo lote lianguke. Wanawake nao walingoja. Mwajuma alikuwa amelaza mgongo wake juu ya gurudumu, ameukaza hasa, na jasho lilimtiririka shingoni.

Mihambo alisimama katikati ya mikeka. Macho yake yalitembea polepole juu ya lundo, yakashuka, yakakaa pale chini jamvi lilipoinuka kidogo, na ukingo wa chuma ukaonekana. Akautazama. Halafu akachuchumaa mbele ya Asia.

"Shikamoo, mama."

Asia, aliyekuwa analia, akanyamaza ili ajibu. "Marahaba."

"Mnamlilia Stambuli?"

"Ndiyo, baba."

Upole ule ulimtesa Mikidadi. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye aliona mwisho wa njia yake umefika. Mtani asiyetania msibani amekwisha ujua uongo, sasa anapima tu namna ya kuusema. Mikidadi alifungua kinywa aombe radhi.

"Nani kawaletea habari kabla yangu?" Mihambo akauliza. "Nimefika jana tu. Nilitaka nije mwenyewe. Nilipita mtaa wa pili makusudi, mara mbili, sikuweza kuingia."

Mikidadi akafumba kinywa, na Mihambo akamgeukia Asia.

"Ilikuwa tumbo la damu, mama. Tulikuwa karibu ya mto Wami. Hakukaa sana na ugonjwa. Wenzake walitaka wamwache njiani, maana tulikuwa tunakimbia, nikawaambia, huyu ni mtani wangu, mimi ndiye wa kumchimbia. Nikamchimbia. Niliweka mawe juu, fisi wasimsumbue."

Mwajuma aliziba midomo yake kwa viganja viwili isitoke sauti. Mmoja wa majirani alianza kusema "Laa ilaaha," akashindwa kumaliza. Asia alikaa vile vile, mikono mapajani, machozi ya kuigiza hayajamkauka mashavuni. Hakulia. Aligeuza uso pole pole akamtazama kaka yake, na Mikidadi akaona kwamba hata akiishi miaka mia, hatasamehewa, na kwamba hatapigiwa kelele hata siku moja.

Mihambo akainuka, akamsogelea Mikidadi, akamwambia kwa sauti ya chini, "Gari nimeliona. Usiogope. Nitasema boma kwamba nyumba hii nimeipekua, hamna kitu."

Basi Mikidadi alikuwa amelipata. Gari lilikuwa lake, salama, na ufa wake na viraka vyake, na hakuna ambaye angeligusa tena. Alisimama, hajui aweke wapi mikono.

Uani watu walikwisha anza kukusanyika. Kilio hakimwiti mtu mmoja.

"Kaka," Asia akasema. Ndilo neno lake la kwanza. "Watu wanakuja kumlilia mwanangu. Watakaa wapi?"

Banda lote lilikuwa gari.

Mwajuma akainuka, akaanza kuzitoa kanga, moja moja, hata gari likabaki wazi linang'aa kwa mafuta. Mikidadi alifungua milango yote miwili ya banda. Akaweka bega nyuma ya gari, Mihambo akashika gurudumu, wakalisukuma mpaka katikati ya njia, peupe, alipokuwa amesimama yule Mmanyema mzee.

"Hili nalo la stesheni?" Mmanyema akauliza kwa mshangao.

"La stesheni," akasema Mikidadi, akarudi ndani kuwatandikia watu mikeka.