Binti yangu alinipeleka kula kwa Wajapani, ndipo nikajua kwamba ninakufa

Ndugu wasomaji, jina langu lifichwe. Nina miaka sabini na tisa, nilikuwa mwalimu wa sekondari, na sasa naishi Butembo, mtaa wa Mususa, nyumbani kwa binti yangu nitakayemwita Masika; mdogo wake wa kiume nitamwita Kambale. Naandika kidogo kidogo. Mnivumilie.

Kwetu hasa ni kijijini, Eringeti. Huko ndiko alikozikwa mke wangu, nyuma ya jiko, pembeni ya shamba letu la kakao. Siku ya mazishi nilipanda mgomba karibu naye, nikasema mbele ya watu wote: hapa ni pangu. Neno la namna hiyo watoto hawalibadilishi kwetu. Mwenyewe tu ndiye anayeweza kulifuta, akiwa hai. Baadaye mauaji ya waasi yakaanza kule, tukakimbia.

Mwaka huu tumbo lilinisumbua sana, Masika akanivusha mpaka hadi Kampala kupimwa. Siku ya majibu aliingia kwa daktari peke yake. Alitoka anatabasamu.

“Papa, ni vidonda vya tumbo tu, utakunywa dawa. Lakini leo tunatembea! Tunaenda kula kwa Bajaponais, kiisha tunaenda kwa théâtre.”

Nilifurahi kama mtoto. Miaka yote ya kazi nilichezesha wanafunzi michezo ya kuigiza darasani, mke wangu akitushonea mapazia ya vitenge, lakini sikuwahi kukaa katika ukumbi wa kweli wenye viti laini.

Kwenye mgahawa walituletea vijiti viwili viwili na samaki mbichi juu ya wali.

“Masika, hii samaki haiko ya kuiva.”

“Si wewe ulitufundishaka Japon kwa darasa? Leo unaikula!”

“Nilifundishaka géographie, hapana tumbo yao.”

Alicheka mpaka watu wakageuka. Nikachota kitu cha kijani nikidhani ni avoka. Mama wee! Kilinichoma hadi puani, machozi yakanitoka. Masika akanipangusa kwa kitenge chake, naye machozi yakamtoka. “Ni ile pilipili, Papa,” akasema. Lakini yeye hakuwa ameionja.

Kisha akanishika mkono. “Papa, siku yako ikifika, mimi na Kambale tutakufikisha karibu na mama. Hata njia ikuwe mubaya namna gani. Ulisemaka, na sisi tulisikia.”

“Nani alikuuliza ile?”

“Hapana, nasema tu. Kula.”

Ukumbini, mchezo ulikuwa wa kuchekesha, kwa Kiganda. Masika, aliyezoea Kampala kwa biashara, alinitafsiria sikioni, neno kwa neno. Mzee mmoja alikuwa anajificha chini ya kitanda asinywe dawa, nami nikacheka hadi mbavu zikauma. Kisha daktari wa mchezo akamvuta binti wa yule mzee pembeni, akamnong’oneza. Hapo Masika akaacha kutafsiri.

“Amesema nini?” nikauliza.

“Hajasema kitu, Papa.”

Ukumbi mzima ulikuwa unacheka. Bega la Masika lilikuwa linatetemeka kwenye bega langu, na hakuwa anacheka. Ndipo nikajua kile daktari wa kweli alichomwambia. Watu walipopiga makofi, nami nikapiga makofi. Tangu siku ile tunaigiza sote wawili: yeye kwamba nitapona, mimi kwamba nimeamini.

Tulipokuwa tunarudi tulipita Beni, pale njia ya Eringeti inapoachana na ile ya Kasindi. Nilitazama upande ule mpaka shingo ikauma. Jirani yetu mmoja, watoto wake walimpeleka akazikwe kule. Walishambuliwa njiani. Walirudi na maiti ya mtoto wake pia.

Juzi nilimsikia Kambale uani, chini ya dirisha langu. “Nilishapata gari, ile yenye inapita kwa matope.” Masika akamjibu, “Sema polepole, Papa asisikie.”

Wapendwa, nikinyamaza, watoto wangu watapita njia ile kwa ajili ya neno langu. Najua hawataogopa, nami ndiye niliyewalea hivyo. Nikisema wanizike hapa Butembo, Masika atajua kwamba najua, na kile kicheko anachoniletea kila asubuhi kitakufa kabla yangu. Na mke wangu atabaki peke yake na ule mgomba, akiningoja mahali nilipoahidi mbele ya watu. Kila nikifikiri hilo, ninalia nimegeukia ukuta.

Jana Masika aliingia na sahani ya maharage na vile vijiti vya Kampala, kumbe alivihifadhi. “Monsieur le Japonais, chakula!” Akakaa kitandani, anapambana na harage moja linalomtoroka, anacheka peke yake. Niliona ndiyo saa. Nikafungua mdomo nimwambie, “Masika, munizike hapa.”

Yeye akadhani nataka kula. Akaniwekea lile harage ulimini, taratibu, kama mtoto. Nikalimeza na neno langu.

Sina siku nyingi. Ninyi mliozika wazazi, na ninyi wazee wenzangu, niambieni: nimwambieje mtoto huyu, na mama yake atanisamehe?